SHERIA IMSHIKE MWIZI, ISIUSHIKE MTAIMBO

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na marafiki wa chama. Twayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa niseme juu ya sheria za kompyuta. Najua wako watakaonong'onezana, "Mambo haya ni ya mawakili na mainjinia, sisi wakulima na wachuuzi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Tangu mwaka 2007 huko Kenya, na tangu mwaka 2008 hapa Tanzania, fedha zetu zimeanza kusafiri kwa simu. Leo mama auzaye mchicha hupokea bei yake kwa simu. Mzazi hulipa ada kwa simu. Mgonjwa hutumiwa nauli ya kwenda hospitali kwa simu. Zamani fedha ilikaa chini ya godoro, na mwenye nyumba akatia komeo mlangoni. Siku hizi godoro letu ni kompyuta za mabenki na za makampuni ya simu, ambazo hatujapata kuziona kwa macho, na makomeo yake hutunzwa na watu tusiowajua majina. Basi sheria yo yote imhusuyo mtunza makomeo yatuhusu sisi sote tulioweka fedha ndani.

Jambo nililokuja kulisema ni moja. Serikali nyingi duniani, katika kuwatafuta wezi wa mitandao, zimetunga au zimekusudia kutunga sheria za kuwaadhibu watu kwa kuwa na vyombo fulani vya kompyuta. Mimi nasema wezi waadhibiwe, tena waadhibiwe vikali. Lakini sheria ikifanya chombo chenyewe kuwa kosa, itamnyang'anya mlinzi rungu lake na kumwacha mwizi na lake.

Tuvitazame vyombo hivyo. Kiko kiitwacho Nmap, kilichotolewa mwaka 1997. Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina milango, na hesabu ya milango hiyo yafika 65,535. Kazi ya Nmap ni kupita na kubisha hodi katika milango hiyo, ijulikane upi umefungwa na upi umeachwa wazi. Kiko kingine kiitwacho Wireshark, alichokianza Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina jingine. Hicho husoma habari zinazopita katika mtandao, kama mtu anayetazama magari barabarani na kuandika kila moja limebeba nini. Kiko na cha tatu, John the Ripper, ambacho kazi yake ni kubahatisha maneno ya siri, haraka haraka, mpaka kipate.

Mtu akisikia hayo atasema, "Hivi ni vyombo vya wezi kabisa!" Polepole, ndugu zangu. Mlinzi wa kompyuta za hospitali atajuaje kwamba karani ameacha mlango wazi, asipopita kubisha milango yote yeye mwenyewe kabla mwizi hajapita? Fundi atajuaje kwa nini mtandao wa ofisi umekuwa mzito, asipotazama kinachopita ndani yake? Na msimamizi wa benki atajuaje kwamba mtumishi wake ameweka 123456 kuwa neno lake la siri, asipojaribu kulibahatisha? Kupima ukuta wa kompyuta ni kuujaribu kama atakavyoujaribu adui. Kipimo kisichofanya kama afanyavyo mwizi hakimwonyeshi mwenye nyumba cho chote.

Mtaimbo ni hivyo hivyo. Fundi huutumia kung'olea misumari na kuvunjia ukuta mbovu, na mwizi huutumia kung'olea dirisha la watu. Ukiukuta mtaimbo umelala chini, hata uutazame mchana kutwa, hautakuambia bwana wake ni nani. Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini huwezi kuziba ufa usiouona, wala huwezi kuuona ikiwa sheria imekukataza kuutafuta.

Sasa niwaeleze sheria hizi zatoka wapi. Tarehe 23 Novemba 2001, katika mji wa Budapest, nchi za Baraza la Ulaya na rafiki zao zilitia sahihi mkataba juu ya makosa ya kompyuta. Kifungu cha 6 cha mkataba huo chasema kwamba ni kosa kutengeneza, kuuza au kusambaza chombo kilichotengenezwa hasa kwa ajili ya kufanyia makosa hayo, ikiwa mtu anayo nia kitumike kwa uovu. Waandishi wa mkataba walikuwa watu wenye hadhari. Wakaongeza kwamba kifungu kisieleweke kuwa chamwadhibu mtu asiye na nia ya kosa, kwa mfano yule anayepima kompyuta kwa ruhusa au kuilinda. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kinga ya mlinzi. Yashikeni vizuri, maana safari ya sheria hii kutoka nchi hata nchi imekuwa kama safari ya gunia lililotoboka: kila lifikapo, kimepungua kitu.

Tuanze na Ujerumani. Mwezi wa Mei 2007 Bunge la huko lilipitisha kifungu kipya katika Kanuni ya Adhabu, namba 202c, nacho kikaanza kutumika mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Kilisema kwamba atakayetengeneza, atakayejipatia au atakayesambaza programu ambayo makusudi yake ni kufanya makosa fulani ya kompyuta, kwa kuandaa kosa la namna hiyo, ataweza kufungwa hata mwaka 1. Wataalamu walionya mapema. Waliuliza, "Programu ina makusudi gani? Mtu ndiye mwenye makusudi." Wabunge wakajibu kwamba hawakukusudia kuwagusa wataalamu wema, na kamati yao ikaliandika jambo hilo katika taarifa yake. Lakini maneno ya kinga, yale ya Budapest, hawakuyatia ndani ya sheria yenyewe.

Mnajua nini kikatokea? Wezi hawakushtuka. Walioshtuka ni watu wema. Wataalamu wengine waliondoa maandiko yao na programu zao katika tovuti. Programu iitwayo KisMAC, ya kupimia mitandao isiyo na waya, ikaondoka Ujerumani. Gazeti moja la habari za kompyuta, kwa kutaka kuijaribu sheria, lilipeleka mashtaka kwa waendesha mashtaka wa Bonn. Likamshtaki nani? Likaishtaki idara ya Serikali yenyewe iliyo na kazi ya kulinda usalama wa kompyuta za taifa, kwa kuwa tovuti ya idara hiyo ilimwonyesha msomaji njia ya kuipata John the Ripper! Waendesha mashtaka hawakulipeleka shauri hilo mbele. Lakini fikirini, ndugu zangu: sheria ikishafika mahali pa kumtia shaka hata mlinzi wa Serikali, mlinzi wa duka dogo atalala usingizi?

Mwishowe watu watatu wakaenda Mahakama ya Katiba: mkuu wa kampuni ya usalama wa kompyuta, mwalimu wa chuo kikuu, na mtumiaji wa kawaida wa kompyuta. Tarehe 18 Mei 2009 mahakama ilikataa kuyapokea malalamiko yao, lakini kwa sababu iliyowapa faraja. Ilisema kwamba chombo kufaa kwa kosa hakutoshi. Yapasa kiwe kimetengenezwa kwa nia ya kufanyia kosa, na vyombo vyenye matumizi mawili havimo katika sheria hii. Hukumu njema. Lakini kutoka Agosti 2007 mpaka Mei 2009 ni karibu miaka 2, na muda wote huo mtu mwema alikuwa akifanya kazi yake bila kujua kama kesho ataitwa mtumishi au mhalifu. Maneno machache yaliyokosekana Bungeni yalilipwa kwa miaka 2 ya hofu.

Uingereza nayo ilipita njia hiyo. Sheria yao ya mwaka 2006 iliongeza kosa jipya katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 1990, na kosa hilo likaanza kutumika mwaka 2008. Sehemu moja yasema kwamba mtu ana hatia akimpa mwingine chombo huku akiamini kwamba yaelekea kitatumiwa kufanya kosa. Mwenye duka la panga humwona mnunuzi, humsikia, akimshuku humkatalia. Lakini mtu aliyeweka programu katika intaneti apewe bure kila aitakaye atamjuaje mchukuaji? Ajua tu kwamba katika maelfu ya wachukuaji hapakosi mwovu. Ikabidi ofisi ya waendesha mashtaka itoe mwongozo wa kueleza ni nani ashtakiwe na nani aachwe. Mwongozo ni jambo jema, lakini mwongozo si sheria. Aliyeuandika leo aweza kuubadili kesho.

Sasa turudi kwetu. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 10 chakataza mtu kushughulika isivyo halali na chombo, pamoja na programu ya kompyuta, kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya kufanyia kosa, au hata kuwa nacho tu. Linganisheni na Budapest. Kule walisema "hasa kwa ajili ya". Hapa neno "hasa" halimo. Kule walimtaja mpimaji mwenye ruhusa wakamkinga. Kifungu chetu chenyewe hakimtaji. Majirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2018, kifungu cha 18, waliweka adhabu kali sana, faini hata shilingi milioni 20 za kwao au kifungo hata miaka 10. Lakini wakaandika wazi kwamba mafunzo, majaribio na ulinzi wa kompyuta uliofanywa kwa ruhusa si kosa. Tusione haya kuiga kilicho chema kwa jirani.

Wako watakaosema, "Neno 'isivyo halali' latosha, mtu mwema hana haja ya kuogopa." Nawajibu hivi. Kijana wa chuo cha ufundi anajifunza ulinzi wa kompyuta. Katika kompyuta yake anavyo vyombo vyote nilivyovitaja, maana mwalimu wake amemwagiza. Siku moja kompyuta inakamatwa kwa shauri jingine kabisa. Askari anaviona. Nani atamwambia askari kwamba kuwa navyo ni halali? Sheria haikumwambia. Basi uhalali wa kijana unakaa katika moyo wa askari: akiwa mpole, kijana atakwenda nyumbani, akiwa mkali, atalala ndani. Haki inayotegemea upole wa mkubwa si haki, ni hisani. Na sisi hapa, nani asiyejua tofauti ya haki na hisani?

Historia yetu yatufundisha. Mwaka 1928 Waingereza walitunga hapa Tanganyika sheria ya uchawi. Walifanya kuwa kosa mtu kuwa na chombo cha uchawi. Na chombo cha uchawi ni kipi? Katika maelezo yao waliingiza hata kitu ambacho watu kwa jumla huamini kwamba kina nguvu hiyo. Haya, niambieni: kibuyu cha mganga na kibuyu cha mchawi vyatofautiana nini? Chombo kilihukumiwa kwa imani ya watu juu yake, si kwa madhara yaliyoonekana. Leo tukisema programu fulani ni ya wadukuzi kwa sababu tu watu wamesikia kwamba wadukuzi huitumia, tumerudia jambo lile lile, ila kibuyu kimekuwa kompyuta.

Hata Kanuni ya Adhabu tuliyorithi zama hizo, ambayo haikuwa pole hata kidogo, ilijua mipaka katika habari ya mtaimbo. Kifungu cha 298 chamkamata mtu aliyekutwa usiku, akiwa na chombo cha kuvunjia nyumba, bila sababu ya halali. Ni kweli kwamba kilimtwika mshitakiwa mwenyewe mzigo wa kuonyesha sababu, na hilo si jambo la kusifiwa. Lakini tazameni: yataka uwe usiku, tena iwe hakuna sababu. Seremala anayekwenda kazini saa tatu asubuhi na mfuko wake wa vyombo hakuguswa. Je, mlinzi wa kompyuta wa leo apate kinga ndogo kuliko seremala wa siku za mkoloni?

Liko jambo jingine lililo karibu na hili, nalo ni VPN. Hii ni kama bomba lililopitishwa ndani ya mtandao. Maneno yako hufungwa kwa siri, hupita ndani ya bomba, na aliyesimama njiani haoni yaliyomo. Benki hulitumia kuunganisha matawi yake. Mtumishi aliye safarini hulitumia kufungua mafaili ya ofisi akiwa hotelini. Ni kweli pia kwamba wako wanaolitumia kufikia yaliyokatazwa. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia au programu inayomsaidia mtumiaji kupata maudhui yaliyokatazwa. Mwezi wa Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa tangazo kwamba watu na makampuni ambao kazi zao zahitaji VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Ikakumbusha kwamba mvunja kanuni aweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Sisemi kwamba Serikali haina haki ya kukataza yaliyo maovu. Inayo. Nauliza tu: mchuuzi mwenye duka la mtandaoni, anayetumia bomba hilo ili jirani wa kwenye Wi-Fi ya mgahawa asimwibie neno lake la siri, atahesabiwa upande gani? Maana bomba lake laweza kumfikisha pote, pema na pabaya. Kanuni ikishasema "kumiliki", haimwulizi alikwenda wapi. Yamwuliza tu kama analo bomba.

Wengine husema, "Mbona bunduki twaziandikisha? Na programu hizi tuziandikishe." Hoja hii ina uzito, na yastahili kujibiwa. Bunduki ni chuma. Hutengenezwa kiwandani, hupita forodhani, yahesabika moja moja. Programu ni maneno. Hunakiliwa mara elfu kwa muda wa kupepesa jicho, na mwizi wetu wengi wao hawako hata katika ardhi yetu. Atakayekuja kujiandikisha ni nani? Ni yule mtii wa sheria. Basi tutakuwa na daftari refu la majina ya watu wema, na jina la mwizi halimo. Tena mwenye nyumba hana haja ya kuupiga risasi ukuta wake ili ajue kama ni imara. Mlinzi wa kompyuta hana njia nyingine ila kuujaribu ukuta wake kwa silaha ile ile ya adui.

Na hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi kama taifa. Ulinzi wa kompyuta ni ufundi, na ufundi hujifunzwa kwa mikono. Kijana asiyewahi kushika chombo hatakuwa fundi. Tukiwatia vijana wetu hofu ya kushika vyombo hivi, mabenki yetu na hospitali zetu hazitaacha kuhitaji walinzi. Zitawaagiza kutoka nje, kwa fedha za kigeni, kutoka nchi ambazo vijana wao waliruhusiwa kujifunza. Tutakuwa tumejitungia sisi wenyewe sheria ya kuwa wapangaji katika nyumba zetu.

Basi tufanye nini? Mswada wo wote wa namna hii utakapoletwa, msiuache mikononi mwa mawakili peke yao. Usomeni, au mtafuteni awasomee, kisha muulize maswali manne. Kwanza: je, mswada wataka upande wa mashtaka uthibitishe nia mbaya, au kuwa na chombo tu kwatosha? Pili: je, anayepima kompyuta kwa ruhusa ya mwenyewe, anayefundisha na anayejifunza wametajwa kwa maneno yaliyo wazi kwamba hawana kosa? Tatu: je, mtu mwema aliyegundua ufa na kumwarifu mwenye nyumba kimya kimya amekingwa, au atalipwa pingu badala ya ahsante? Nne: je, maneno ya kinga yamo ndani ya sheria yenyewe, au tumeahidiwa tu kwa mdomo kwamba watu wema hawatasumbuliwa? Mkijibiwa kwamba ahadi yatosha, watajieni Ujerumani na ile miaka 2.

Kamati za Bunge huwaita wananchi kutoa maoni juu ya miswada. Mlango huo upo, nasi hatuna budi kuupita. Wawakilishi wetu si maadui. Wengi wao hawakupata mtu wa kuwaeleza kwamba chombo wanachokiogopa ndicho kinacholinda mishahara yao. Tukawaeleze kwa adabu, tena kwa maneno mepesi, kama tunavyoelezana hapa.

Mwizi akamatwe na afungwe. Aliyeingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa, aliyeiba fedha ya mjane katika simu, asipate pa kujificha, awe ametumia chombo cha namna gani. Lakini yule aliyekesha akizunguka nyumba yetu, akijaribu kila mlango ili kesho tuamke salama, sheria imtambue kwa jina lake.